Mzee Alisema Saa Ngapi?

Sisi tunaosoma mashairi tunaijua nukta mkato kama kituo cha nusu pumzi. Haikati kama nukta, haipiti upesi kama mkato. Kwenye faili za video ina kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo ilinikalisha Kyerwa siku nne za Novemba 2022 nikisoma namba kwa ajili ya familia iliyokuwa inagombania kibanja. Nimeruhusiwa kusimulia kwa sharti kwamba nisitaje majina wala kijiji. Sharti jepesi. Kisa hiki hakihitaji majina, kinahitaji saa.

Basi tuanze na hizo namba. Kamera haioni mwendo, inapiga picha moja moja zinazoitwa fremu, na kamera za kazi huipa kila fremu lebo yake: saa, dakika, sekunde, na namba ya fremu ndani ya sekunde hiyo. Mafundi huiita lebo hiyo taimukodi. Ukiona 10:12:40:18 ni fremu namba 18 ya sekunde ya 40. Lakini ukiona 10:12:40;18, yaani nukta pacha ya mwisho imegeuka kuwa nukta mkato, umeambiwa jambo la ziada: huyu anayehesabu anaruka.

Anaruka kwa sababu ya historia ya watu wengine. Marekani umeme wao huzunguka mara 60 kwa sekunde, na televisheni yao ya awali ilijengwa juu ya nusu ya hapo, picha 30. Mwaka 1953 walipoingiza rangi, mitambo ya rangi ikagongana na ya sauti, wakapunguza mwendo kidogo, kama sehemu moja kwa elfu. Picha zikawa 29.97 kwa sekunde. Sasa mtu huwezi kuandika namba ya fremu yenye desimali, kwa hiyo waliendelea kuhesabu kama vile ni 30 kamili, na hesabu ikawa inachelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa fremu 108 kila saa moja. Fremu 108 ni sekunde 3.6. Dawa waliyoipata inachekesha kidogo: kila dakika mpya inapoanza, ruka namba 00 na 01, isipokuwa dakika zinazogawanyika kwa kumi. Dakika 54 mara namba mbili, 108. Hakuna picha inayotupwa, ni namba tu zinazorukwa, kama jengo la ghorofa lisilo na ghorofa ya 13.

Sisi hatukurithi shida hiyo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50, televisheni yetu ni ya picha 25, hesabu inagawanyika vizuri. Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza kusini mwa Sahara, ilitumia picha 25. Bara tulisubiri televisheni mpaka 1994, nasi ni hizo hizo 25. Ndiyo maana mhariri wa video wa Dar es Salaam au Bukoba anaweza kufanya kazi miaka kumi asikutane na nukta mkato hata siku moja, mpaka siku mtu atakapomletea kamera kutoka ng'ambo.

Julai 2019 mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikwenda Kyerwa kurekodi enanga, kile chombo cha nyuzi kinachochongwa kwenye ubao mmoja ulioingia ndani kama mtumbwi, ambacho Wahaya na Wanyambo hukipiga wakisimulia tenzi za mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi ameziandikia tenzi hizo kwa kina, na kila ninapozisoma kwenye karatasi najiuliza jambo moja: mwimbaji alinyamaza kwa muda gani kati ya mstari na mstari? Karatasi haina jibu. Nilitaka kupata ukimya ule ukiwa na vipimo vyake, kwa hiyo nilijizatiti kwa vifaa. Kamera niliazimwa na rafiki mtafiti aliyekuwa ametua kutoka Marekani. Kinasa sauti kilikuwa changu. Kifaa cha tatu hakuna aliyekihesabu siku ile: simu ya mjukuu wa mzee.

Mzee mwenyewe alikuwa mkulima wa kahawa, boma lake liko kwenye mgongo wa kilima unaotazama mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Wakati ule wa mwaka uani kumetandazwa kahawa ya maganda inakauka, na hupiti mpaka uvue viatu au uzunguke. Aliimba asubuhi, akapumzika, akaimba tena mchana. Tulipozima vifaa asubuhi ili tunywe chai na kuchaji betri kwenye gari, mjukuu alibaki na babu yake. Akawasha simu.

Kipande alichopiga kina dakika mbili na sekunde kumi. Mzee amekaa, enanga iko magotini, haimbi. Anasema kwa Kinyambo kwamba sehemu ya chini ya kibanja, kuanzia kwenye mwembe hadi chemchemi, ni ya binti yake wa mwisho, na asiwepo wa kumsumbua. Halafu anapiga uzi mmoja, kama mtu anayeweka nukta.

Alifariki mwaka 2022. Msiba ulipoisha, kipande kile kikaanza kutembea kwenye simu za ukoo.

Asiyetoka Kagera huenda asione uzito wake. Kibanja si shamba tu. Ni migomba, kahawa, nyumba na makaburi, vyote mahali pamoja. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoziweka sheria za mila kwenye maandishi, liliruhusu wanawake kurithi, ila ardhi ya ukoo waliruhusiwa kuitumia tu, wasiiuze. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, akasema ubaguzi ule haupatani na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilikuja na usawa. Yote hayo yako vitabuni. Uani, kwenye kikao cha ukoo, bado kuna msika, mrithi mkuu, na msika hapa alikuwa kaka mkubwa.

Kaka mkubwa hakukataa kwamba sauti ni ya baba yake. Alisema maneno yale yalisemwa nyuma ya mgongo wake. Asubuhi ile alikuwa amepeleka kahawa kwenye mzani wa chama cha msingi, alitoka kule saa nne, na kila mtu anajua. Mdogo wake alisubiri aondoke ndipo akamchokoza mzee. Kama angekuwepo angesema kitu. Na kwa mila za pale, mtoto mkubwa akikaa uani baba akagawa na yeye akanyamaza, kunyamaza kwake kumeshasema.

Mama mjane alinipigia mwenyewe. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuja na mashine. Njoo utuambie mzee alisema saa ngapi."

Nilipofika, kila upande ulikuwa na ushahidi wake, na kila upande ulikuwa umesoma namba. Hapa ndipo pananifurahisha mpaka leo, japo siku ile hapakuchekesha. Mwaka 2019 niliwaachia nakala ya kazi yenye taimukodi imechapwa juu ya picha, ili wanisaidie kutafsiri wakinitajia namba. Dada, yule binti wa mwisho, aliichezesha kwenye kompyuta ya jirani, akaonyesha pale kaka yake anapoingia uani, anavua kofia, anasalimia, anakaa kwenye benchi. Namba juu ya picha ilisema 03:31. Saa tatu na nusu, akasema. Kisha akaonyesha jina la faili la simu: siku ile ile, 09:38. Na 09 kwa lugha yetu ni saa tatu. Kwa hiyo kaka aliingia saa tatu na dakika 31, baba akasema saa tatu na dakika 38. Alikuwepo!

Kaka akamjibu kwa hoja ambayo hata mimi nisingeipinga. Saa tatu na nusu alikuwa kwenye mzani na ana mashahidi. Kamera yenu ni ya uongo. Na kama kamera ni ya uongo, inabaki simu, na simu inasema saa tatu na dakika 38, wakati yeye hajarudi.

Angalia walipofika. Dada alikuwa na mpangilio wa kweli uliosimama juu ya namba mbili za uongo. Kaka alikuwa na hoja ya kweli iliyomfikisha mahali pasipo. Na aliye sahihi kwa namba mbovu anaangushwa na mtu wa kwanza anayejua kuhesabu.

Nakala nyingine zilinisaidia kidogo tu. Iliyokuwa ikizunguka WhatsApp iliitwa VID-20220903-WA0011, jina ambalo WhatsApp huipa faili kwa tarehe ya kutumwa. Programu hiyo huibana video upya, na saa ya asili hupotea humo. Nyingine ilikuwa imepitishwa kwa fundi mmoja wa mjini ili icheze kwenye deki. Aliibadili kuwa picha 25 kwa sekunde, akaanzisha taimukodi yake mwenyewe kutoka 00:00:00:00, na ndani ya faili tarehe ya kuzaliwa ikasomeka 1 Januari 1904. Mpwa mmoja mwanafunzi wa chuo akasema basi babu aligawa kibanja enzi za Mjerumani. Wazee walicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Maelezo yake ni mepesi: faili za .mov na .mp4 huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1904, desturi iliyotoka kwenye kompyuta za Apple, na programu isipoandika chochote sifuri hiyo husomeka kama tarehe. Faili isiyo na umri hujifanya kongwe.

Kilichonihitaji ni faili za asili. Za kamera nilikuwa nazo kwenye diski yangu. Ya simu, bahati nzuri, ilikuwa bado kwenye memori kadi ya mjukuu, pamoja na picha za mechi za shule na video zisizo na idadi za pikipiki.

Nikaanza na kamera. Niliifungua faili kwa MediaInfo, programu ya bure ambayo haikuonyeshi picha, inakusomea yaliyoandikwa ndani ya faili. Ikaniambia fremu 29.97 kwa sekunde, taimukodi ya fremu ya kwanza 03:12:40;18. Nukta mkato hiyo hapo. Usiiamini alama peke yake, lakini. Programu nyingine huibadili kuwa nukta pacha wakati wa kunakili bila kumwambia mtu. Njia ya kuhakikisha ni kwenda kwa macho yako hadi dakika inapogeuka, ukasogeza fremu moja moja. Baada ya 03:12:59;29 ilikuja 03:13:00;02. Namba mbili zimerukwa, kwa hiyo ni yenyewe. (Ukikutana na faili usiyoijua kabisa, tazama namba ya mwisho inafika ngapi kabla ya kurudi sifuri. Ikiishia 24 ni ya kwetu, ya picha 25. Ikiishia 29 ni ya wale, na hapo ndipo uende kwenye dakika kutafuta kama inaruka.)

Kuruka kwake kulikuwa na maana kubwa kuliko sekunde tatu na nusu. Hesabu inayoruka ni hesabu inayojitahidi kwenda na saa ya ukutani. Kwa hiyo kamera ile haikuwa inahesabu tangu sifuri ya kanda kama zinavyofanya nyingi, ilikuwa imewekwa ifuate saa yake ya ndani, inayotembea hata kamera ikizimwa. Ila saa ya wapi?

Kinasa sauti ndicho kilichojibu. Faili zake za .wav zina sehemu inayosema sauti ilianza sampuli ngapi baada ya usiku wa manane. Ya asubuhi ile ilisema 1,699,200,000. Sampuli ni 48,000 kwa sekunde. Gawanya, unapata sekunde 35,400, sawa na saa 9 na dakika 50 kamili tangu usiku wa manane. Kinasa hicho nilikirekebisha mwenyewe asubuhi pale Kayanga, kwa saa ya Tanzania. Kabla mzee hajaanza kuimba nilipiga makofi mara moja mbele ya kamera, desturi ya kazi. Kofi lile kwenye kinasa liko 10:12:58, kwenye kamera liko 03:12:47. Tofauti ni saa saba na sekunde 11. Kofi la alasiri, saa sita baadaye, tofauti ni ile ile, saa saba na sekunde 11. Kama kamera ingehesabu bila kuruka, kufikia alasiri ingekuwa imebaki nyuma sekunde nyingine ishirini na kitu.

Saa saba nyuma yetu, mwezi wa Julai, ni New York. Kamera ilikuja Kyerwa na saa ya kwao mfukoni. Ile 03:31 haikuwa saa tatu ya mtu yeyote. Ilikuwa saa tisa na nusu usiku ya huko, watu wamelala, na saa nne na dakika 31 asubuhi hapa uani, kaka mkubwa anavua kofia. Inapatana kabisa na mzani wake. Kaka aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, na kwa haki.

Ikabaki simu.

Jina la faili lilisema VID_20190713_093845. Ndani ya faili, saa ya kuundwa ilikuwa 07:40:56, na hiyo huandikwa kwa saa ya Greenwich. Simu nyingine huandika hapo saa ya kuanza kurekodi, nyingine ya kumaliza. Kipande kina dakika mbili na sekunde kumi. Toa hizo, unapata 07:38:46. Dakika na sekunde zimelingana na jina la faili, kwa hiyo hii ni simu ya kundi la pili. Lakini saa? Tanzania iko saa tatu mbele ya Greenwich. Saba na tatu ni kumi. Jina la faili lilisema tisa.

Tofauti ya saa mbili si ya Tanzania. Ni ya Rwanda.

Anayeishi magharibi ya Kyerwa hahitaji kuelezwa. Unapanda kilima, simu inapoteza mtandao wa nyumbani, inadaka mnara wa ng'ambo ya mto, unapokea ujumbe wa kukukaribisha nchi ambayo hujaenda, na saa inarudi nyuma saa moja yenyewe. Watu wamekosa mabasi kwa ajili hiyo. Ukishuka bondeni inarudi. Kwa hiyo nilitafuta vipande vingine vya siku ile kwenye kadi ya mjukuu. Kimoja alikipiga sokoni Nkwenda mapema asubuhi kabla hajaja kwa babu yake, tofauti kati ya jina na saa ya ndani ni saa tatu. Kingine alikipiga hapo hapo bomani alasiri, saa mbili. Mpwa mwanachuo aliuliza swali zuri, pengine mtu alichezea saa ya simu. Nikamwambia ukisogeza saa kwa mkono, jina na saa ya ndani vinasogea pamoja, tofauti inabaki tatu. Kinachobadili tofauti ni simu kuamini kwamba iko nchi nyingine.

Basi 07:38 ya Greenwich ni 10:38 ya Tanzania. Saa nne na dakika 38. Dakika saba baada ya kofia kuvuliwa.

Nilirudia hesabu hiyo kwa sauti mara tatu, kwa sababu Greenwich ina mtego wake kwetu. Iko katikati kabisa ya namba tunayoiandika na namba tunayoitamka. Tunaandika kumi, tunasema nne, na kati yao iko saba: tatu juu, tatu chini. Mtu akikosea upande mmoja anapata jibu linaloonekana la kawaida kabisa. Ningeweza kumsikia mtu akisema 07:38 ni saa moja na nusu asubuhi, kaka hajaamka.

Mama alikuwa amekaa pembeni akichambua maharage muda wote huo. Akaniomba nimrudishie kipande cha simu, akakisimamisha kwa kidole chake mwenyewe. "Tazama nguzo ya uchanja," akasema. Nyuma ya mzee kulikuwa na nguzo ya uchanja wa kahawa, na kivuli chake chini. "Kivuli kimekuwa kifupi kuliko nguzo. Saa tatu kivuli ni kirefu. Mlikuwa na haja gani na Rwanda?"

Usiku nilipiga hesabu ya jua kwa pembe. Mwezi wa Julai kwenye vilima vile, kivuli hulingana na urefu wa kitu karibu saa nne na dakika 20. Kabla ya hapo ni kirefu, baada ya hapo ni kifupi. Sikuiweka kwenye karatasi yangu kama ushahidi, maana pembe ya simu inaweza kudanganya urefu, lakini nilivutiwa kwamba macho yake yalifika mahali pale pale nilipofika mimi kwa diski mbili na programu.

Na kuna jambo la jua ambalo Karagwe na Kyerwa wamelivumilia kimya. Saa ya Tanzania imewekwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mbali na Zanzibar kwa upande wa mawio. Karagwe iko karibu nyuzi 31. Julai jua huchomoza huku karibu saa moja kamili, na hufika utosini saa saba. Hesabu yetu ya saa, inayoanza siku kwa mapambazuko, ilizaliwa pwani na inaipenda pwani. Mtoto wa Kyerwa anaambiwa saa kumi na mbili ni asubuhi, anatoka nje, giza. Simu ya mjukuu ilikosea kwa mujibu wa sheria ya nchi, ila jua lilikuwa upande wake: kule juu ya kilima, saa ya Rwanda iko karibu na jua kuliko ya kwetu. Nimewahi kusoma riwaya zinazosema "saa sita jua likiwa utosini" kwa wahusika wa Ziwa Magharibi, na tangu siku zile siwezi kuzipita bila kuguna.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada. Niliandika karatasi moja, kwa saa za Kiswahili, bila taimukodi hata moja. Saa nne na dakika 12, mzee anaanza kuimba. Saa nne na dakika 31, kaka mkubwa anaingia uani, anasalimia, anakaa kwenye benchi. Saa nne na dakika 36, vifaa vinazimwa, wageni wanakwenda kwenye gari. Saa nne na dakika 38, mzee anaanza kusema. Saa nne na dakika 47, kamera inawashwa tena, na kaka mkubwa anaonekana kwenye benchi lile lile.

Mpwa alinihoji kuliko mhariri yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alitaka kujua kama ninaweza kuapa kwamba kaka hakuinuka katika zile dakika kumi na moja ambazo kamera ilikuwa imezimwa. Nikasema hapana. Kipande cha simu kinamwonyesha mzee tu. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa pale kabla na alikuwa pale baada, na kwamba maneno hayakusemwa akiwa kwenye mzani.

Baba mdogo wa ukoo, aliyeongoza kikao, akamgeukia. Kaka mkubwa alikaa kimya muda, ule ambao ningependa kuupima.

"Nilikuwepo," akasema. "Lakini sikusikia. Nilikuwa nahesabu hela za kahawa."

Wengine waliguna, wengine waliangalia chini. Mama aliniuliza kama mashine yangu inaweza kujua mtu alisikia au hakusikia. Nikamwambia hakuna mashine ya hivyo. Baba mdogo akaniagiza niyaandike na maneno yale chini ya karatasi, kama yalivyosemwa, niweke na saa. Nikaandika.

Shauri halikuamuliwa siku ile. Waliahirisha hadi baada ya mavuno ya maharage. Maharage yenyewe dada ndiye aliyeyapanda, kwenye kile kipande cha chini, kuanzia kwenye mwembe hadi chemchemi.